Bei Rahisi Ilinikosesha Simu ya Mama

Wahenga walisema kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa kunguru huyo, nami nilifurahi sana. Leo napenda kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu, hasa akina mama wenzangu tuishio katika kambi za askari hapa Uganda, jinsi furaha ile ilivyonigeukia.

Simu ya mkononi iliingia nchini mwetu mwaka 1995, nayo ililetwa na kampuni ya Celtel. Wakati ule ilikuwa chombo cha matajiri na wakubwa. Sisi wake wa askari tuliiona mikononi mwa wengine tu. Mwaka 1998 ikaja MTN, na ushindani ukaanza. Mtu aliweza kulipia maongezi yake kabla, kidogo kidogo, kama anunuavyo chumvi dukani. Mwaka 2001 Uganda Telecom nayo ikaanzisha huduma yake ya mkononi. Halafu mwaka 2008 ikafungua Warid, na mwaka 2009 ikafuata Orange. Basi panzi wakawa watano, na kila mmoja akataka kumla mwenziwe.

Bei zilianguka. Kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitoa ahadi ya ajabu: lipa fedha kidogo asubuhi, uzungumze kutwa nzima. Katika safu yetu ya nyumba hakubaki mwanamke asiyenunua laini hiyo. Mume wangu, aliyekuwa kazini mbali huko Moroto, naye alinunua. Tulizungumza habari za watoto, za mboga, hata za mvua ambayo kila mmoja aliiona mwenyewe. Laini yangu ya zamani niliitoa katika simu, nikaitia ndani ya kopo la vifungo.

Lakini unafuu ule ulikuwa na mpaka wake. Ulihusu wale tu waliokuwa katika mtandao mmoja nasi. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako hulazimika kuilipa ile ya pili kwa kuipokea simu hiyo, na gharama hiyo hukurudia wewe. Kwa hiyo kila kampuni ilijenga ua wake, ikawaambia wateja: ndani ya ua ni rahisi, nje ni ghali. Nasi tuliingia uani kwa hiari yetu, tukiimba.

Mama yangu mzazi hakuwamo uani humo. Yeye alikaa kijijini, na simu yake ilikuwa ya jirani. Jirani huyo alianza na ile simu ya kijiji, katika mpango ulioanzishwa mwaka 2003 na MTN pamoja na Grameen Foundation, ambamo mtu alikopeshwa fedha za kununua simu na antena, kisha akawauzia wenzake maongezi. Mama aliijua namba yangu moja tu, ile ya kwanza. Desturi yetu ilikuwa abipu, nami nimpigie.

Mwaka 2010, wakati wa masika, mama aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Kabla ya kuchukuliwa hospitali aliomba nibipiwe. Jirani akabipu mara tatu. Laini ilikuwa ndani ya kopo, pamoja na vifungo. Siku ile mimi nilizungumza na mke wa koplo, mlango wa tatu kutoka kwangu, karibu saa nzima.

Habari zilinifikia siku ya tatu, kwa kinywa cha abiria aliyeshuka basi. Nilipofika hospitali mama hakunilaumu. Alisema tu, “Nilibipu, mwanangu. Hukujibu, nikajua una kazi.” Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angalinipiga kofi.

Mume wangu alipopata ruhusa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Askari halindi lango moja akaacha jingine wazi.” Mwezi uliofuata alileta simu ya laini mbili, ya aina ile ambayo Tecno ya China ilijipatia jina kwayo katika Afrika. Hapo nikaelewa jambo moja. Simu zile hazikubuniwa kwa ajili ya anasa. Zilibuniwa kwa sababu watu kama mimi walikuwa wengi: wanataka bei rahisi, na hawataki kumpoteza mama.

Tangu wakati huo panzi wamepungua. Mwaka 2013 Warid ilinunuliwa na Airtel, ambayo ndiyo iliyorithi mtandao wa Celtel ya zamani. Mwaka 2014 Orange iliingia mikononi mwa Africell, na Africell nayo ilifunga shughuli zake nchini mwezi Oktoba 2021. Leo sehemu kubwa ya soko imeshikwa na MTN na Airtel. Yafaa tukumbuke kuwa bei ya vita si zawadi, nayo haiahidi kudumu. Anayeifuata na aifuate, lakini asichome daraja alilovukia.

Siwashauri, ndugu zangu, kuukataa unafuu. Mshahara wa askari haumruhusu mtu kudharau shilingi mia. Ila kabla ya kubadili laini, hesabuni si gharama ya dakika tu, bali pia ni nani asiyeweza kuhama pamoja nanyi. Mara nyingi ni mzee aliyeko kijijini, mwenye namba moja tu kichwani.

Mama sasa anatembea kwa mkongojo. Laini ile ya zamani haijatoka tena katika simu yangu, na kila ibipupo mimi huacha sufuria jikoni, hata kama wali unaungua.