Kiswahili Kisicho na Maikrofoni

Anayesema kwamba redio ya Maskati ni ya lugha mbili hasemi uongo. Redio Oman ilianza kurusha matangazo Julai 1970, siku chache baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka, na tangu hapo mawimbi ya nchi yamezoea Kiarabu na, baadaye, Kiingereza. Sheria ya 2004 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, na vituo hivyo vikaanza kusikika 2007, lugha zilizopewa maikrofoni zilikuwa zile zile. Kiswahili, ambacho maelfu ya Waomani walirudi nacho kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya 1964, na hasa baada ya 1970, kilibaki sebuleni. (Neno linalotumika ni "kurudi", ingawa wengi wao hawakuwa wameiona Oman kabla ya siku hiyo.)

Lugha ikibaki sebuleni hupata wasikilizaji wengi na wasemaji wachache. Bibi huuliza kwa Kiswahili, mjukuu hujibu kwa Kiarabu, na mazungumzo huenda vizuri tu. Akiulizwa kama anakijua Kiswahili, kijana husema anakisikia. Hukumu hiyo aliyojitolea mwenyewe ina sababu. Nje ya nyumba, lugha hiyo humfanya aitwe "Zinjibari", jina ambalo si kila mara hutamkwa kwa wema. Na akienda Unguja kutembea, binamu zake humcheka kwa lafudhi. Amejifunza kunyamaza kwa pande zote mbili.

Darasa la sarufi haliponyi ukimya wa namna hii. Redio ya jamii huenda ikauponya, na mfano upo karibu na asili ya nyingi kati ya familia hizo. Kule Pemba, Redio Jamii Micheweni ilianzishwa kwa msaada wa UNESCO. Katika redio za aina hiyo kijana hupewa kinasa sauti, akatumwa kwa mvuvi au mkulima wa mwani. Hujifunza kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, kisha kungoja. Kungoja ndiko kugumu. Halafu hurudi kukata na kuunga sauti, na katika kusikiliza sentensi moja mara kumi huipata lugha kuliko angekaririshwa.

Maskati ingehitaji mafunzo ya lugha mbili, Kiswahili na Kiarabu, na hapo pana mtego. Mafunzo mengi ya lugha mbili huishia kwenye kutafsiri: kila jambo husemwa mara mbili, na msikilizaji huchoka mara mbili. Isitoshe, undugu wa lugha hizi hudanganya. Mtangazaji wa Kiswahili husoma "taarifa ya habari". Sikio la Kiarabu huipokea "habari" bila taabu, lakini "taarifa" hulikumbusha orodha ya bei na ada. Kijana aliyelelewa kati ya lugha hizi huligundua jambo hilo haraka kuliko mwalimu wake, na kipindi kizima kingeweza kujengwa juu ya maneno kama hayo. Kiarabu kimweleze jirani asiyejua habari za Pemba. Kiswahili kimhoji bibi, bila kumfafanulia anayoyajua.

Leseni ya kituo si jambo dogo, lakini mafunzo hayahitaji kuisubiri. Simu ya mkononi inatosha kurekodi. Asiyesubiri ni umri. Aliyeondoka Unguja 1964 akiwa na miaka 20 sasa amevuka 80. Yeye anaikumbuka Sauti ya Unguja, iliyoanza 1951, na anaweza kuulizwa, kwa Kiswahili, ni nyumba gani mtaani iliyokuwa na redio, nani aliruhusiwa kuingia kusikiliza, na nani aliachwa dirishani.