Mashine ya Kufulia Yakataa Kuzunguka

Hapa kwetu Matema mvua za Machi na Aprili hazina huruma. Mawingu hushuka toka milima ya Livingstone, nguo hazikauki, nalo ziwa huchafuka hata mtu hapendi kufulia ufukoni. Kwa ajili hiyo, miaka miwili iliyopita nilinunua mashine ya kufulia iliyokwisha tumika, ya beseni mbili, moja ya kufulia na moja ya kukamulia. Mama watoto alifurahi sana, maana pamoja na nguo zetu yeye ndiye afuaye vitambaa vya altare na kanzu za watumikiaji.

Juma moja kabla ya Pasaka mashine ikagoma. Upande wa kukamulia ulizunguka vizuri, lakini ule wa kufulia ulivuma tu kama nyuki mzingani. Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Fundi mimi siye. Ila chuoni niliposomea ualimu tulifundishwa habari za umeme kidogo, na kidogo hicho kilinipa kiburi. Nikainama, tumbo limeegemea sanduku la bati, nikatia mkono majini nikakisukuma kile kigurudumu cha chini. Kweli kikazunguka. Lakini mkono ulitekenywa hata kiwikoni, nikaruka nyuma.

Mama watoto akasema, "Baba, mbona mimi hunitekenya kila nikifua? Nilidhani ndivyo zilivyo."

Wasomaji wapenzi, neno lile lilinitoa jasho. Plagi ya mashine ile ilikuwa ya miguu miwili ya mviringo, na soketi zetu zina matundu matatu. Tundu la juu ni la waya wa ethi, yaani ule uendao ardhini. Ili matundu mawili ya chini yafunguke, mimi mwenyewe nilichonga kijiti nikakisokomeza katika lile la juu. Nyumba ngapi zafanya hivyo hata leo! Na ule waya wa kijani na manjano ulioning'inia nyuma ya mashine niliufunga fundo, usitutege miguu. Basi umeme uliokuwa ukivuja haukuwa na njia ya kwenda ardhini ila mwili wa mke wangu, amesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, mtoto mgongoni.

Nilizima swichi, nikachomoa plagi, nikamwaga maji, nikaiburuta mashine mpaka mahali pakavu. Kisha nikafungua mfuniko wa nyuma. Nilizungusha puli kwa mkono. Ikaenda bila kukwama, na mkanda ulikuwa mzima. Lakini kapasita ilikuwa imevimba.

Kapasita ni kile kikopo kidogo chenye waya karibu na mota. Mota ya namna hii ina koili mbili, na ya pili hupata umeme kwa kupitia kapasita. Hiyo ndiyo inayoisaidia mota kuanza. Kapasita ikifa, mota huvuma bila kujua izunguke kulia au kushoto, na ukiisukuma hufuata upande ulikoisukuma. Usiiache ivume hivyo, maana isipozunguka huvuta umeme mwingi na koili huungua kwa dakika chache. (Tena jioni, taa zinapofifia kwa upungufu wa umeme, mota nzima nayo huweza kuvuma hivyo hivyo, basi tazama taa kwanza.)

Jambo la hatari ni kwamba kapasita huweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Wengine huiunganisha miguu kwa bisibisi. Cheche hutoka, na mkono waweza kuumia. Mimi nilichukua holda yenye balbu ya kizamani, ile ya waya mwembamba ndani, nikagusisha nyaya zake mbili kwenye miguu ya kapasita, vidole vikiwa mbali na shaba. Hapo umeme uliobaki humalizikia katika balbu. Kabla ya kuitoa nilichora kwenye karatasi kila waya ulipokaa.

Huko Kyela mjini mwenye duka alitaka kunipa kapasita kubwa zaidi, "yenye nguvu." Nikakataa. Mikrofaradi lazima ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, kwa kuwa zikizidi koili ya pili hupata joto; volti ndizo zisipungue.

Nilipoifunga mpya, mashine ilizunguka. Hapo ningeweza kujisifu. Nikavaa kandambili kavu, nikagusa sanduku kwa testa: ikawaka. Nikachomoa plagi tena, na mara hii sikuirudisha, ingawa vitambaa vya altare vilikuwa vimelowekwa na Ijumaa Kuu ilikuwa kesho kutwa. Mama watoto alivifua kwa mkono, nami nikasuuza. Alinicheka jinsi ninavyokamua.

Fundi mwenye leseni alikuja baada ya sikukuu na mita yake. Aliona kwamba mpira chini ya beseni umechanika, maji yamekuwa yakidondokea mota, na koili zinavujisha umeme kwenye chuma. Mota ikabadilishwa pamoja na mpira. Akaweka plagi ya miguu mitatu, waya wa ethi akauunganisha. Alipochimbua nje akakuta fimbo ya shaba iendayo ardhini haina waya. Ulikwisha katika siku nyingi, akaufunga upya. Mwisho akatia swichi ya kulinda, ambayo hulinganisha umeme uendao na urudio. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata mara moja.

Gharama ilinitoa fedha ya bati za jiko, nalo jiko lingali linavuja. Kile kijiti nilikitafuta nikamwonyeshe Paroko, ambaye ofisini mwake nilimchongea kingine kama hicho. Sikukiona, mama watoto alikuwa amekwisha kukitia motoni pamoja na kuni. Cha ofisini nilikitoa mwenyewe asubuhi ile ile.