Marisau, Bata na Kiswahili cha Baba Mdogo

Wako walimu waliojifunzia Kiswahili madrasani, wako waliojifunzia shuleni, na wako waliokiokota sokoni. Mimi nilijifunzia kinamasini, nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya mafunjo kando ya Nile, upande wa Rhino Camp, huku nikiwatazama bata wa mti wakielea mbele yangu. Mwalimu wangu alikuwa baba mdogo, mzaliwa wa Koboko, aliyetumikia King's African Rifles mpaka Burma. Alirudi na Kiswahili cha jeshini, kile kiitwacho Kikeya. Baadaye alijinunulia bunduki ya marisau yenye mitutu miwili.

Nayaandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani hapa Arua. Nilikuwa nafundisha ngeli, binti mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, bibi yangu asema hii ni lugha ya bunduki. Kwa nini tujifunze?" Darasa likanyamaza. Sikumkemea, kwani bibi yake hakusema uongo. Lakini kabla sijaeleza nilivyomjibu, hainabudi nieleze kwanza mambo ya bunduki yenyewe.

Bunduki ya baba mdogo ilikuwa namba 12. Namba hiyo ina hesabu yake: ukichukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, ukaigawa vipande 12 vilivyo sawa na kuvifinyanga viwe tufe, kila tufe litaenea barabara katika mtutu. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Marisau nayo huhesabiwa kinyume hivyohivyo: namba 6 ni chembe ndogo, namba 4 ni chembe kubwa. Kwa bata wadogo wenye uso mweupe, wale wapigao mbinja wakiruka jioni, ambao uzito wao haufiki kilo moja, baba mdogo alitumia namba 6. Kwa bata bukini mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa, ambaye dume lake huweza kupita kilo 5, alitia namba 4, kwani chembe ndogo huishia manyoyani.

Mitutu yake miwili haikuwa sawa. Wa kulia ulikuwa wazi mpaka kinywani. Wa kushoto ulibanwa karibu na kinywa kwa kiasi cha milimita moja tu. Milimita hiyo hubadili mambo mengi. Mtutu ulio wazi hutawanya marisau upesi, na mtutu uliobanwa huyashikilia pamoja yaende mbali. Mafundi wa bunduki hupima hivi: kwa umbali wa mita 36 na kidogo, ndani ya duara la upana wa sentimita 76, mtutu wazi huingiza chembe 40 katika kila 100, na ule uliobanwa kabisa huingiza 70.

Baba mdogo hakuwahi kusoma hesabu hiyo katika kitabu. Alitundika shuka kuukuu ukutani mwa boma bovu, akapiga hatua 40, akafyatua mara mbili mahali mbalimbali, kisha akaniita. "Wewe mtoto yangu, hesabu." Nyumbani tulisema lugha yetu, na Kiswahili changu kilikoma kwenye kumi. Siku hiyo nilihesabu matundu ya shuka kwa kidole, naye akinirekebisha kila nilipokwama, hata nikafika 118 kwa mtutu wa kulia na 196 kwa wa kushoto. Nikajua hesabu, na nikajua bunduki. Ilikuwa mwaka 1976.

Bata wa mti aliwachonga mwenyewe kwa ule mti mwepesi uotao majini, ambao wavuvi huufanya maboya. Hapa pana jambo la msamiati. Mtu aweza kushawishika kumwita ndege huyo chambo. Lakini chambo huliwa, na samaki hunaswa kwa tamaa yake. Bata haji kumla mwenziwe. Huja kwa kuwa ameona wenziwe wametulia, akadhani pana amani. Kwa hiyo mimi namwita bata bandia, kwa maana bandia ni sanamu ya kuchezea watoto, kitu chenye sura bila ya uhai. Baba mdogo alimwita "bata ya kudanganya", na sidhani kama amewahi kushindwa na mfasiri yeyote.

Huwapangi bata bandia ovyo. Bata hutua wakielekea upepo, basi mwindaji hukaa upepo umpige mgongoni, akaacha uwazi katikati ya kundi lake la bandia, mita 20 hadi 30 kutoka maficho yake. Hapo ndipo watakapotua. Na kwa umbali huo mtutu ulio wazi ndio unaofaa. Ule uliobanwa ni wa ndege aliyekwisha kushtuka na kwenda zake.

Nilijua hayo kwa kusikia, sikuyajua kwa kutenda. Siku aliponipa bunduki kwa mara ya kwanza, bata mmoja alishuka karibu sana, nami kwa pupa nikavuta kifyatulio cha nyuma, cha mtutu wa kushoto. Tuliokota manyoya na matope. Kwa aibu, bata wa pili alipopita juu mbali, nikampiga kwa mtutu ulio wazi. Akayumba, akaangukia ng'ambo ya mafunjo, hai. Baba mdogo hakunigombeza. Alivua viatu, akasema, "Ndege iko na maumivu. Twende." Tulimtafuta mpaka giza likaingia, maji yametufika kifuani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuliinama na hatukumpata. Njiani aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Bunduki hapana kosa. Wewe nachagua mbaya."

Leo mwanafunzi akiniandikia sentensi hiyo, nitaipiga mistari mitatu ya wino mwekundu. Kwa miaka mingi niliionea haya. Nilipoanza kusoma Kiswahili sanifu nilijificha nisijulikane nilikotoa lugha yangu.

Mwaka 1979 serikali ya Amin ilianguka, na mwaka 1980 vita vikaingia West Nile. Watu wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tulipoufikia mto Kaya, baba mdogo aliitumbukiza bunduki majini kabla hatujavuka. Alijua kuwa mwenye bunduki haulizwi kama ni ya bata au ya watu. Kabla ya hapo, njiani, wenye silaha walitusimamisha, wakatuhoji kwa Kiswahili. Baba mdogo aliwajibu kwa Kikeya chake, pole pole, kwa adabu, nao wakatuacha. Waliokuwa nyuma yetu hawakujua lugha ile. Nilisikia wakipigwa. Baba mdogo hakurudi Uganda. Kaburi lake liko ng'ambo.

Basi bibi wa mwanafunzi wangu asemapo lugha ya bunduki, asema alichokiona. Amin alipotangaza mwaka 1973 kuwa Kiswahili kiwe lugha ya taifa, watu wengi walikwisha kukisikia kikitoka kinywani mwa askari. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, lakini agizo halifuti kumbukumbu.

Nilimjibu binti yule kwa neno moja nililoliandika ubaoni: risasi. Nikawauliza maana yake. Wote wakasema, kitu kitokacho bunduki. Nikawaambia kuwa ndilo pia jina la madini, mazito, laini, na yenye sumu. Bata humeza vijiwe ili firigisi yake isage chakula. Akikuta chembe za marisau matopeni humeza nazo pia, firigisi ikazisaga, sumu ikaingia damuni, akafa bila ya kupigwa na mtu. Kwa ajili hiyo Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika maeneo ya majimaji mwaka 2023. Mkataba wa ndege wa majini wahamao, uliofikiwa The Hague mwaka 1995, ambao Uganda ni mwanachama wake, nao wataka yaachwe. Wawindaji wa nchi hizo hutumia chuma. Lakini chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo huchagua chembe kubwa zaidi kwa namba mbili, hupiga karibu zaidi, wala hawaipitishi katika mtutu uliobanwa sana, kwa maana chuma hakibonyei. Bunduki ni ileile, na uwindaji ni uleule. Kilichobadilika ni kile kinachotiwa ndani.

"Na lugha je?" nikawauliza. Binti yule alifikiri, akasema, "Yategemea unatia nini ndani yake." Sikuwa na la kuongeza.

Kisha niliandika ubaoni sentensi ya baba mdogo kama alivyoisema, na chini yake nikaiandika kwa Kiswahili sanifu: "Bunduki haina kosa. Wewe umechagua vibaya." Nikawaonyesha upatanisho wa ngeli na njeo, kama mtaala utakavyo. Lakini ile ya juu sikuikata. Niliwaambia ni ya nani.

Ndugu walimu, wazee waliokijua Kiswahili kambini, mtoni na karakhanani wanazidi kupungua. Wanayo maneno ya kazi zao ambayo hayamo katika vitabu vyetu, na sarufi yao isitufanye tuwapite bila ya kuwasikiliza. Mimi nilichelewa. Sikuwahi kumwuliza baba mdogo aliliitaje lile bano la mtutu; alizoea kunionyesha kwa kidole tu, na mimi nikaitikia kwa kichwa.