Asali ya njia ya Likasi: tuue mbu, tusiue nyuki



Mtu akitoka Lubumbashi kwenda Likasi, nyumba zinapungua pole pole, halafu inabaki miti ya miombo huku na huku. Kando ya barabara watu wamepanga mifuko ya makala, na karibu yake chupa za asali. Gari likipunguza mwendo, watoto wanazinyanyua juu. Asali yenyewe ni nyeusi kidogo, na inanukia moshi na maua ya porini.

Inatoka katika mizinga ya magome iliyotundikwa mitini, na katika mizinga ya mbao inayowekwa nyuma ya nyumba. Kwa mama mwenye mizinga michache, asali ndiyo pesa ya masomo, sabuni na chumvi.

Lakini mvua ikianza, mbu nao wanaongezeka, na malaria inalaza watoto wetu. Ndiyo maana watu wa kupuliza dawa wakifika, hakuna anayewafukuza. Shida ni kwamba dawa inayoua mbu inaua nyuki pia. Katika kijiji kimoja tuliona mizinga mitatu mitupu. Dawa ilipulizwa saa nne asubuhi, nyuki wakiwa juu ya maua ya maboga. Mama mwenye mizinga alituambia hakatai dawa, kwani mtoto wake alikuwa ametoka tu kuugua. Alitaka aambiwe mbele, basi.

Jambo hili limefika hata kwa matajiri. Huko Marekani, karibu na mji wa Summerville katika jimbo la South Carolina, tarehe 28 Agosti 2016 ndege ilimwaga dawa ya mbu asubuhi kwa kuogopa ugonjwa wa Zika. Shamba moja lilipoteza mizinga 46, yenye nyuki karibu milioni 2.5. Zamani magari yalipuliza usiku, na wafugaji waliarifiwa. Safari ile ndege ilikuja mchana, na wengine hawakupata habari.

Basi dawa ya shida hii ni saa na neno. Mbu wa malaria anauma usiku. Nyuki anarudi mzingani kabla ya giza. Dawa ikipulizwa jua likiisha kuzama, inamkuta mbu nje na nyuki ndani.

Mama mwenye mizinga afanye hivi:

– Amwambie shefu wa kijiji ama wa kartie mizinga yake iko wapi, aombe kuarifiwa siku moja mbele.
– Afunge kitambaa chekundu mahali panapoonekana, ili wapulizaji wasikaribie.
– Jioni, nyuki wakiisha kuingia, afunike mzinga kwa gunia lililoloweshwa maji. Asizibe hewa: nyuki wakikosa hewa wanakufa kwa joto. Avae nguo nzito, maana nyuki wetu ni wakali.
– Asubuhi, kabla jua halijawa kali, aondoe gunia, amwage maji yaliyobaki wazi na kuweka mengine safi.

Mzinga wa juu mtini haufunikiki. Huo unalindwa kwa umbali tu, kwa hiyo wapulizaji waonyeshwe mti wenyewe.

Nasi wote, tusiache kazi yote kwa mashine. Tumwage maji yanayosimama katika matairi na makopo, na watoto walale chini ya chandarua kila usiku. Chandarua hakimgusi nyuki hata mmoja.

Katika mkutano wenu wa wiki hii, hesabuni wamama wenye mizinga katika kikundi, andikeni majina yao na mahali mizinga ilipo, na wawili wenu wapeleke karatasi hiyo kwa shefu kabla mvua haijakolea. Mtoto apone, na pesa yake ya masomo isife pamoja na mbu.