BATRI YA BABA MUDOGO



Wengi munanijua kama kapita wa enternati. Kila siku ya posho ninasoma mbele yenu majina ya wale waliochelewa kwa etidi na wale ambao hawakufagia. Najua kuko wanaonungunika nyuma: "Kapita yeye hafanyi kosa?" Leo, mbele ya kumaliza mwaka wa mwisho na kuondoka hapa, ninaandika jina langu mimi mwenyewe. Na pamoja na kosa langu nitawaonyesha kazi kidogo ya taa, ile ambayo munaniuliza kila siku tangu muliona taa yangu karibu na kitanda.

Kwetu ni Kalemie, pembeni ya ziwa Tanganyika. Baba mudogo ni muvuvi wa ndagala. Zamani wavuvi walivuta samaki kwa taa za petroli za kupampu. Leo wengi wanatumika na taa za ledi na batri ya volti 12. Ndagala wanafuata mwangaza katika giza. Njo maana wakati mwezi unajaa wavuvi wanapumzika siku kadhaa, sababu ziwa lote linaangaa na taa haina kazi tena. Siku zile batri na taa za mutumbwi zinalala kwetu, kwani nyumba yetu iko na mulango wa chuma.

Kwa vakansi iliyopita baba mudogo alileta batri yake ya ampere-saa 40. Alikuwa amekwisha kuipeleka kwa kijana anayejaza batri pale soko, na ilikuwa imejaa. Akaniambia: "Unaweza kuwasha taa moja, mama yako apike muzuri. Moja tu. Unasikia?" Nikajibu: "Ndiyo, baba."

Siku ya pili jirani yetu mmoja, muzee, alifariki. Umeme ulikuwa umekatika, na wale wa kilio hawakuwa na feza ya esansi ya jeneretere. Wamama walikuwa wameketi chini ya bashi, katika giza, na kibatari kimoja tu. Niliona huruma. Nikabeba batri, nikatundika taa zote 4 za mutumbwi. Lupango yote ikawa kama muchana. Watu wakapiga makofi katikati ya machozi. Bibi mmoja alinishika mukono, akasema: "Mungu akubariki, wewe ni ingenieri wetu." Sitawadanganya: ile huruma ya kwanza ilikuwa ya kweli, lakini kisha neno lile la "ingenieri" liliniingia kichwani. Usiku wa kwanza taa ziliwaka mupaka asubui. Usiku wa pili pia. Kisha nikarudisha batri pahali pake, nikaipanguza vumbi. Nikawasha taa moja kuijaribu: iliwaka. Nikasema moyoni, "Iko na nguvu bado."

Mwezi ulipopunguka baba mudogo akaja kuchukua vitu vyake, akaingia ziwani na watu wake 5. Mbele ya usiku wa manane taa zote zikapunguka mwangaza, zikazimika. Waliketi kule katikati ya maji bila kazi. Asubui wote 6 walirudi mikono mitupu, na esansi ya motere imekwisha bure.

Baba mudogo hakuja kwetu. Alienda moja kwa moja soko, kwa yule kijana wa batri. Mimi nilikuwa pale, ninanunua chumvi. Akapaza sauti mbele ya watu: "Ulikula feza yangu, ukanirudishia batri tupu! Mwizi wewe!" Kijana alikuwa anatetemeka. "Baba, niliijaza. Niliipima mbele yenu." Watu wakakusanyika. Mimi nikachukua chumvi yangu, nikarudi nyumbani.

Kesho yake nilipita pale tena. Watu wawili walikuwa wanaondoa batri zao kwake, kuzipeleka kwa mwingine. Hakuna aliyemusemesha. Usiku ule sikulala. Nilijiambia: baba mudogo ni mutu wa hasira, tena nilisaidia kilio, siyo kuiba. Lakini kila mara niliona mikono ya yule kijana, namna alikuwa anafunga na kufungua nyaya zake bila kutazama mutu.

Siku ya tatu nikamwambia mama. Akasema tu: "Mimi nilijua. Nilikuwa ninangoja kinywa chako." Tukaenda pamoja kwa baba mudogo. Hakunipiga. Alinyamaza muda murefu, kisha akasema: "Batri si kitu. Uliniacha nitukane mutoto wa watu bure." Akavaa viatu, akanipeleka soko. Pale pale alipotukana, alinisimamisha niseme yote kwa sauti, na yeye akaomba musamaha nyuma yangu. Kwa malipo nikafanya kazi ya kuanika ndagala kwenye muchanga mupaka mwisho wa vakansi.

Yule kijana ndiye aliyenifundisha. Aliniuliza: "Weye unasoma humanités, hukufanya hesabu?" Ni kweli, sikuifanya. Tazameni. Kila taa ya mutumbwi ni wati 5. Taa 4 ni wati 20. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampere 1.7. Usiku wa saa 12, hii ni ampere-saa 20: nusu ya batri yote. Usiku mbili ni 40. Nilikuwa nimeimaliza kabisa. Sheria ya Ohm ninaijua kwa moyo tangu zamani, lakini pale chini ya bashi sikukumbuka hata kugawanya.

Pia alinionyesha kwamba taa ya ledi kuwaka kidogo haionyeshi kama batri iko na nguvu. Lazima kupima na voltimetere, batri ikiwa imepumzika. Ikisoma karibu 12.7, imejaa. Karibu 12.2, imebaki nusu: hapo ni vizuri kusimama. Ikifika 11.9 ao chini, imekwisha. Batri ya asidi ikimalizwa hivi mara nyingi, ndani yake mbao za risasi zinaharibika, na haitajaa tena kama zamani.

Sasa juu ya taa yangu. Kwa feza kidogo niliyopewa kwa ndagala nilinunua batri kuukuu ya moto, ya ampere-saa 7. Ampuli ya nyumba ya volti 220 usijaribu kuifunga juu yake, haitawaka. Imetengenezwa kwa nguvu nyingine. Mimi nilitoa ledi nyeupe ndogo katika torshi zilizokufa. Ledi moja inataka karibu volti 3. Nikafunga 3 kwa mustari, moja nyuma ya ingine: hii ni volti 9. Mara ya kwanza nilizifunga hivi tu juu ya batri. Ziliangaa sana, zikawa kama bluu, zikakufa zote. Batri ilikuwa na volti 12.6; zile 3.6 zilizozidi hazikupata pahali pa kwenda.

Dawa yake ni rezistansi. Chukua volti 3.6, gawanya kwa ampere 0.020 ambayo ledi inaweza kubeba: unapata 180. Hii ni hesabu ya mwisho kabisa. Mimi niliweka ohm 270, ledi zipumue. Mwangaza unapunguka kidogo lakini zinaishi. Kila mustari unakula ampere 0.013 tu. Taa yangu iko na mistari 10, ni kusema ledi 30 na ampere 0.13. Kwa masaa 4 ya kusoma inakula karibu ampere-saa 0.5. Kwa hiyo kwa nusu ya batri yangu ninapata usiku 6 ao 7, kisha ninaipeleka kujazwa.

Kitu kimoja tena, musikisahau. Karibu kabisa na ncha ya kujumlisha, wekeni fuzibule ndogo, ile ya ampere 1. Waya mbili zikigusana, yenyewe inakatika kwanza. Bila hii waya inakuwa nyekundu, na sisi tunalala 20 katika chumba kimoja juu ya matela ya sponji.

Bwana Prefe amekubali tufanye taa 2 kwa sali ya etidi, kwa wale wa mwaka wa mwisho wanaongojea Exetat. Siku ya posho baada ya chakula, anayetaka kujifunza aje na torshi zilizokufa. Pembeni ya batri kutakuwa kayé. Kila mutu atakayewasha ataandika jina lake, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na volti alizokuta. Jina la kwanza nimekwisha kuliandika, ni langu.

Na kijana wa soko? Kwa vakansi ya Noeli nilipita kwake. Wateja wamerudi, lakini siyo wote. Aliijaza batri yangu, akaipima mbele yangu, na akanipa voltimetere nisome mwenyewe: 12.7. Nikalipa. Akaniambia, "Sasa tunajua sisi wawili."



Kapita wenu, mwaka wa mwisho