Iliki

Watoto wa mbwa wa sleji hupewa majina kwa mafungu. Uzao mmoja huitwa majina ya mito, mwingine ya nyota, mwingine hata ya jibini, ili miaka mitano baadaye bado ujue nani alizaliwa na nani. Nilipofika Fairbanks, Alaska, mwezi Agosti kuanza shahada ya uzamili, uzao wa Juni ulikuwa bado ukiitwa kwa rangi tu. Mama mwenye mbwa, aliyenipa kibanda cha kulala ili nimsaidie kulisha na kuzoa kinyesi, aliniuliza kwetu kunalimwa nini. Mimi ni mtu wa Muheza. Nikamtajia viungo vya milima ya Usambara. Ndivyo walivyopatikana Karafuu, Mdalasini, Pilipili, na yule wa mwisho mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala: Iliki.

Kwetu mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hula makombo, na jina lake mara nyingi ni Simba, hata kama ni mwoga. Nilipomwambia mama yangu kwenye simu kwamba kila usiku nawachemshia mbwa ishirini na wawili samaki, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wewe umekula, mwanangu?"

Iliki alikuwa mwizi wa glavu. Hakuzitafuna. Alizipeleka kwenye majani makavu ya kibanda chake na kuzilalia, halafu akakutazama kama vile wewe ndiye unayepaswa kujieleza. Alipenda kukaa juu ya paa la kibanda. Alikuwa msemaji pia, na kila ndoo ya chakula ilipopita alianza kunung'unika kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama mteja anayelalamikia bei.

Wengi huwadhania mbwa hawa kuwa wale wenye manyoya mengi na macho ya bluu. Haski wa Alaska si hivyo. Ni mchanganyiko wa damu nyingi, mwembamba, mwenye miguu mirefu, na wengi hawazidi sana kilo 25. Huchaguliwa kwa mwendo, hamu ya kula na uimara wa nyayo. Kuvuta hawafundishwi sana, maana hamu wanazaliwa nayo. Kinachofundishwa ni adabu: kutotafuna kamba, kutogeuka nyuma, na kwa viongozi, kujua kwamba "jii" ni kulia na "hoo" ni kushoto.

Januari, Iliki akiwa na miezi saba, tulimvisha mkanda wa kuvutia kwa mara ya kwanza. Ndugu zake waliruka na kupiga kelele. Sleji ilipoanza kukwaruza barafu nyuma yake, Iliki alilala chini, masikio yote mawili yakiwa yamelala. Tulijaribu tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Ule mkwaruzo ulimtisha kuliko kitu chochote.

Mama mwenye mbwa hakukasirika. Aliniambia kwamba mwisho wa Machi huamua nani abaki, na kwamba asiyetaka kuvuta hutafutiwa familia mjini. "Si adhabu," alisema. "Mbwa asiyeipenda kazi hii anaonewa akilazimishwa." Nilijua anasema kweli, na usiku ule nilikaa macho.

Alinisimulia pia habari za Togo. Mwaka 1925, makundi ya mbwa yalipopokezana dawa ya dondakoo kwa takriban kilomita 1,085 kutoka Nenana hadi Nome, Togo ndiye aliyeongoza kundi la Leonhard Seppala katika sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote. Lakini alipokuwa mdogo alikuwa dhaifu na mtundu, hata akagawiwa afugwe nyumbani kwa watu. Alipita kwenye kioo cha dirisha akarudi.

Iliki hakuhitaji kuvunja dirisha. Alihitaji kuzoea kelele. Nikamfungia gogo dogo kwa kamba, na kila jioni nikitoka maabara tulitembea nalo, taa ikiwa kichwani mwangu. Katika baridi kali theluji hulia chini ya viatu, na gogo lililia nyuma yetu. Hatua kumi za kwanza alitazama nyuma kila hatua. Nilimwongelesha Kiswahili, habari za mtihani, bei ya tiketi ya ndege, lolote. Wiki ya tatu aliona nyayo mbichi za sungura akazifuata mbio, gogo likirukaruka nyuma yake, nami nikivutwa mwishoni mwa kamba. Hakugeuka hata mara moja.

Baada ya hapo alifungwa ubavuni mwa jike mkongwe wa miaka tisa, asiyeshtushwa na lolote. Iliki akawa anaegemea bega lake wakikata kona. Mwisho wa Februari kamba yake ilikuwa imekaza mwendo wote.

Alibaki. Msimu uliofuata tulimjaribu mbele, kwenye uongozi, lakini alikuwa akitazama nyuma kuwahesabu wenzake. Hapendi kuwa peke yake mbele ya njia tupu. Kwa hiyo nafasi yake ni jozi ya tatu, upande wa kulia, na hapo ana kazi ambayo hakuna aliyempa: kundi likisimama kupumzika na wengine wakaanza kuchoka, yeye ndiye wa kwanza kunung'unika kwa ile sauti ya kulalamikia bei, mpaka wote wanasimama na kudai kuondoka.

Sasa ana miezi ishirini na miwili. Nami natetea tasnifu yangu mwezi ujao, na Juni narudi nyumbani. Nilipompigia mama kumwambia tarehe, alifurahi, akamshukuru Mungu, akaniuliza habari za mizigo. Kisha akauliza, "Na huyo Iliki, unamwacha na nani?"

"Na wenzake, mama," nikamwambia. "Na kazi yake."