Wawili Katika Mtumbwi Mmoja



Tunaandika haya tukiwa wawili, na tumekubaliana kusema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Pale isipowezekana tutasema "mmoja wetu" na "mwenzake", wala hatutataja ni nani. Ninyi mnaotufahamu hapa Mutoshi mmekwisha kubishana vya kutosha juu ya nani alimwacha nani kilimani.

Mashindano yalibuniwa na vijana wa parokia kadhaa za Kolwezi, yakafanyika Jumamosi moja ya kiangazi, mwezi wa Julai, asubuhi yenye baridi ya kuuma vidole. Kila kundi lilikuwa la watu wawili. Kwanza tulitakiwa kuvuka kwa mtumbwi mkono mmoja wa ziwa Nzilo. Kisha kupanda kinga, yaani baiskeli, kwa njia ya wabeba makala. Mwisho kukimbia kwa miguu katika vijia vya vilima hadi kanisani Mutoshi. Saa ingesimamishwa pale mtu wa pili wa kila kundi atakapogusa mlango wa kanisa, si wa kwanza. Sharti hilo lilisomwa mara mbili. Tuliitikia kwa vichwa, nasi hatukulielewa.

Jambo lenyewe si geni duniani. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 1951, watu hushindana kwa mitumbwi kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, na mahali ambapo mto haupitiki huibeba mabegani na kukimbia nayo. Mwaka ule wa kwanza alifika mtu mmoja tu, Ian Player, naye alikuwa ameumwa na nyoka njiani. Siku hizi, mwaka mmoja hupiga makasia mtu peke yake, mwaka unaofuata wawili wawili. Huko New Zealand nako, tangu 1983, watu huvuka kisiwa kizima kutoka bahari hadi bahari kwa miguu, baiskeli na mtumbwi. Lakini wale hujifunza mwaka mzima. Sisi tulijifunza majuma mawili, jioni, baada ya kazi.

Zawadi ilikuwa magunia mawili ya unga wa mahindi. Tuseme wazi: nyumbani kwa mmoja wetu baba alikuwa amelala mgonjwa tangu Pasaka, na unga ulikuwa unanunuliwa kwa kikombe. Mwenzake alilijua jambo hilo. Hatukulizungumza hata mara moja, na labda kosa letu lilianzia hapo.

Ziwa Nzilo ni kijana kuliko babu zetu. Lilizaliwa katika miaka ya 1950, Lualaba ulipozibwa kwa ukuta ili upatikane umeme wa migodi. Kwa macho yetu sisi wa vumbi la shaba, maji mengi namna ile hutia hofu, na mmoja wetu hajui kuogelea. Tulifungwa maboya vifuani, tukaketi katika mtumbwi wa kuchonga, mwenye nguvu mbele, mwenzake nyuma. Kengele ilipolia, mwenye nguvu alipiga kasia kana kwamba anachimba. Mtumbwi ukageuka. Akaongeza nguvu, ukageuka zaidi. Makundi mengine yalikuwa yamekwisha kwenda mbali sisi tukiwa bado tunazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu, tukilaumiana kwa sauti iliyosikika ufukoni.

Mzee mvuvi aliyetuazima mtumbwi alitupigia kelele: "Wa mbele, punguza! Wewe humwoni mwenzako, yeye anakuona. Piga kwa namna ambayo atakufuata."

Ni kweli kwamba anayeketi mbele hana macho mgongoni. Yeye hutoa mwendo. Wa nyuma huufuata na kuelekeza. Nguvu za mmoja zikizidi za mwenzake upande mmoja, chombo huacha njia, na kila pigo lake kubwa humlazimu wa nyuma kutumia pigo zima kurekebisha. Mwenye nguvu alipokubali kupunguza, tulianza kwenda. Si kwa kasi, lakini tulikwenda. Tulitua ng'ambo tukiwa karibu wa mwisho, nguo zimelowa hadi kiunoni.

Njia ya makala mnaijua. Ni mchanga mwekundu, mizizi, na miinuko isiyo na huruma. Wabeba makala huishuka na kuipanda kila siku, magunia yamefungwa juu ya kinga hadi kupita kichwa cha mtu, wakisukuma kwa kifua. Penye mlima mkali, wa pili hutangulia na kuvuta kwa kamba. Tuliwakuta wengi. Tuliwapita tukiwa na maji ya kunywa na namba za karatasi kifuani, na tuliona haya, kwani mchezo wetu ulikuwa kazi yao. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alituuliza mnakimbilia wapi, wanangu. Tukajibu, tunashindana, baba. Akasema, "Nilidhani mnafukuzwa."

Huyo ndiye aliyetusaidia mwiba ulipotoboa gurudumu. Aliegemeza mzigo wake kwenye mti, akatoa gundi na kiraka, akatuonyesha pa kukwangua. Alipoona mmoja wetu anahema vibaya, alikata kipande kirefu cha mpira wa ndani wa gurudumu bovu alilokuwa nalo, akasema: "Fungeni huku kwenye kiti cha huyu, huku kwenye usukani wa yule. Ndivyo sisi tunavyopanda."

Aliyechoka alikataa. Alisema hatavutwa kama mbuzi wa sokoni mbele ya parokia nne. Mwenzake aliuviringisha mpira ule kiunoni mwake bila neno, tukaendelea. Tulipoteza dakika nyingi kwenye kila mlima kwa sababu ya kiburi hicho, na tunakiandika hapa kwa sababu katika masimulizi yenu mnamtaja mkosaji mmoja tu.

Sasa kilima. Mahali penye madini ya shaba miti mikubwa haipendi kuota. Ndiyo maana vilima vingine kwetu ni nyasi tupu katikati ya msitu wa miombo, na ndiyo maana tangu zamani watu walivitambua kwa macho. Mutoshi, iliyoitwa Ruwe siku za wakoloni, imechimbwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za nyumba nyingi za hapa. Pembezoni mwa vijia kuna mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa mkono. Mengine ni mapana kama mlango tu, na nyasi za ukingoni huinama hadi kuyafunika. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeingia shimoni asitoke.

Tulipoanza kukimbia, yule mwenye nguvu aliona migongo ya kundi la tatu, akaiwaza unga. Akaongeza mwendo. Aliwapita. Aliona la pili. Kwa robo saa hakugeuka hata mara moja, ingawa alijua, kama sote tulivyojua, kwamba kufika peke yake hakukuwa kufika. Amejaribu kutueleza alichokuwa akifikiri wakati ule, na jibu lake la kweli ni kwamba hakuwa akifikiri chochote, aliona gunia.

Kwenye njia panda alisimama na kuita. Hakujibiwa. Akaita tena. Ndipo alipokumbuka mashimo, akarudi akikimbia kwa kasi ambayo hakuwa nayo alipokuwa akishindana, akiwapita kwa upande wa pili watu wale wale aliokuwa amewaacha nyuma.

Alimkuta mwenzake ameketi chini, kifundo cha mguu kimevimba, na ukingo wa shimo ukiwa hatua mbili kutoka kisigino chake. Alikuwa amesikia akiitwa.

"Mbona hukujibu?"

"Nilikuwa natazama jinsi ulivyokuwa mdogo kule mbele."

Hatukusema lingine. Tulitembea, mkono wa mmoja begani mwa mwingine, na makundi yakatupita yakitutia moyo kwa maneno ambayo hatukuyataka. Tuligusa mlango wa kanisa pamoja, wa pili kutoka mwisho. Akina mama walitupa bukari na samaki. Magunia yalikwenda kwingine, kwa haki.

Majuma matatu hatukusalimiana. Katika Misa tuliketi pande mbili za kanisa, na wakati wa kupeana amani kila mmoja alimgeukia jirani wa upande mwingine. Twajua mliona. Dominika moja lilisomwa somo la wafuasi waliotumwa wawili wawili, na tulipotoka mmoja wetu alimfuata mwenzake hadi kwao, akamkuta anasaga mihogo. Aliombwa radhi kwa ajili ya kilima. Naye akaomba radhi kwa ajili ya ukimya wake kwenye nyasi, kwa kuwa alitaka mwenzake aogope, na alifanikiwa. Kuhusu unga, nyumba ile ilipata na ikakosa kama nyumba nyingine; baba anaketi nje sasa, asubuhi, penye jua.

Mwaka huu vijana wametaka mashindano yarudiwe. Tumeomba kwanza tupite njia ya kilima na kutia alama. Jumamosi iliyopita tulikwenda watu tisa, tukiwa na fito na vipande vya kitambaa chekundu. Kila penye shimo tulichomeka ufito hatua tatu kabla ya ukingo. Palipokuwa na nyasi ndefu, mmoja wetu alijifunga mpira wa yule baba wa makala kiunoni, akasogea akipapasa kwa mti, na mwenzake akaushika upande wa pili, amekaa chini, visigino vimezama udongoni.

Bado kuna upande wa mashariki. Tutakwenda tena Jumamosi, saa moja asubuhi, kutoka mlangoni mwa kanisa. Njooni na panga.